Gari Linalojulikana Makambako

Anayenunua gari kwa ajili ya safari ndefu huuliza maswali yaliyozoeleka. Linakula mafuta kiasi gani? Ni la cc ngapi? Mlima linapanda? Madalali wana majibu ya yote hayo, tena matamu. Swali wasiloulizwa ni hili: likigoma Makambako saa kumi jioni, nani atalifufua?

Makambako nimeitaja kwa makusudi. Ni mji wa njia panda mkoani Njombe, ambako barabara ya Njombe na Songea inaachana na ile kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Una upepo wa baridi, una stesheni ya TAZARA, na una gereji za chini ya mti. Mtu aliyetoka Dar anafika hapo akiwa amemaliza zaidi ya kilomita 600. Kurudi ni mbali na anakokwenda bado hajafika. Gari ambalo fundi wa hapo analifungua bila kumpigia mtu simu, na spea yake anaijua ilipo, hilo ndilo ninaloliita gari la kuaminika. Mengine, hata yawe na viti vya ngozi, yanaaminika mjini tu.

Wapo watakaobisha. Watasema gari imara haliharibiki, basi la nini fundi? Labda ni kweli kwa gari lililotoka kiwandani juzi. Mengi ya magari yetu yalishatumika Japani miaka mingi kabla ya kushuka bandarini. Kule gari dogo likishapita miaka 3 ya mwanzo hukaguliwa kwa lazima kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, wanaouita shaken, ni ghali. Gari likizeeka, mwenyewe huona heri kuliuza kuliko kulilipia. Wajapani nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, kwa hiyo gari linapanda meli likiwa tayari kwa barabara zetu. Tunachonunua ni chombo chenye historia, na chenye historia huharibika. Kinachotofautisha gari na gari ni urahisi wa kulirudisha barabarani.

Somo hilo Afrika Mashariki ililipata hadharani, kwenye tope. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya mwanzo magari yalipangwa kwa makundi kufuata bei yake dukani, na mwananchi aliyesimama kando ya barabara aliweza kuona gari la uwezo wake linavyofanywa na makorongo. Mwaka 1963 yaliondoka zaidi ya 80, yakafika 7. Mwaka 1968 ikawa vilevile: 7. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, na walikuwa ndani ya Peugeot 404. Haikuhitajika tangazo la redio baada ya hapo. Peugeot 404, kisha 504, ikawa gari la mtu mzima mwenye shughuli zake, na huko Kenya zile 504 ndefu zenye safu tatu za viti zikabeba abiria kati ya Nairobi na miji ya bara kwa miaka mingi.

Ninayempenda zaidi katika habari hizo ni Joginder Singh, Mkenya aliyeitwa Simba. Mwaka 1965 alishinda akiwa na mdogo wake Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika mashindanoni na watu wengine. Gari la mtumba! Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alijua alichonunua, na alijua pa kugusa.

Barabara yetu ya kusini magharibi nayo ina historia yake ya vyuma vilivyovunjika. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilitangaza kuitenga Rhodesia na Uingereza, na Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia huko, ikabanwa koo. Malori yakaanza kusomba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, yakivuka Mikumi, yakipanda Kitonga, yakishuka Usangu, kwenye barabara iliyokuwa vumbi kiangazi na tope masika. Walioipita waliilinganisha na jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968, lami ikaja miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Mimi huamini kwamba malori yale ndiyo yaliyofungua shule ya ufundi ya njia hii. Lori likilala Iringa siku tatu, kijana anayechungulia chini ya injini kwa siku hizo tatu hatoki mtupu.

Leo darasa ni la Toyota. Ninaloendesha mimi ni Corolla, ile tunayoiita 110, yenye injini ya 5A. Sio gari la kujivunia harusini. Corolla ilianza kutengenezwa mwaka 1966, na kufikia 2021 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 50 duniani kwa jina hilo, kwa hiyo siwezi kudai nina kitu adimu, na uadimu ndio hasa ninaoukimbia. Gari adimu likiharibika njiani, spea hutafutwa Dar, Kariakoo au Gerezani, hufungwa kwenye boksi, hukabidhiwa basi, na wewe hulala gesti ukisubiri boksi. Likifika ukakuta wametuma ya kulia badala ya kushoto, unalipia usiku mwingine. Nimewaona watu wenye magari ya kifahari wakiishi hivyo, wakitembea Ilula mchana kutwa na funguo mkononi.

Kujulikana na fundi ni nusu ya imani. Nusu ya pili ni wewe mwenyewe kulijua gari lako. Mshale wa joto wa Corolla yangu hukaa chini kidogo ya nusu. Ukigusa nusu hapo tambarare ya Chalinze, najua kuna jambo, ingawa kwa gari jingine ungekuwa mahali pake. Najua mlio wa mkanda wa feni asubuhi ya baridi, unaokwisha baada ya dakika moja, na ninautofautisha na mlio ambao haupaswi kuwepo. Najua kati ya sevisi na sevisi oili hupungua kiasi gani kwenye kijiti. Mambo haya hayaandikwi kwenye kitabu cha gari. Mtu aliyeazima gari zuri la shemeji yake kwa ajili ya safari ya Mbeya ameazima chuma, hayo hakuazimwa.

Kwa maandalizi nina msimamo mmoja ambao mafundi wengine hawaupendi: sevisi kubwa haifanywi jana yake. Fanya wiki moja kabla, kisha zunguka nalo mjini, nenda nalo Bagamoyo urudi. Kila kilichofunguliwa kina nafasi ya kufungwa vibaya. Nati iliyosahaulika ijitokeze Mwenge, ambako aliyeisahau yupo, isijitokeze Ruaha Mbuyuni.

Kwenye orodha ya fundi, mfumo wa kupoza injini nauweka mbele ya vyote, maana magari mengi ninayoyaona yamefungua boneti Kitonga hayajavunjika chochote, yamechemsha. Dar ina mtindo wa kung'oa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba inazuia maji kuzunguka. Kweli inayazuia, lakini injini ikiwa baridi tu, na hiyo ndiyo kazi yake: injini ifikie joto lake upesi na kubaki hapo. Ikiwa mbovu inunuliwe nyingine. Rejeta nayo iwekwe kuulanti, si maji ya bomba, kwa sababu maji matupu huleta kutu ndani ya injini na huchemka mapema. Mipira ya rejeta iminywe kwa mkono. Iliyokuwa laini kama ulimi au ngumu kama ubao imeshamaliza siku zake.

Matairi, usidanganyike na kashata. Tazama ubavuni, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama muuzaji amelipaka rangi likang'aa. Mpira huzeeka ukiwa umekaa tu. Upepo ujazwe tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na tairi la akiba lisisahaulike kwa kuwa liko gizani kwenye buti. Pembetatu za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto, jeki na spana yake: hivi afande ataviuliza, lakini hata asipoviuliza utavihitaji.

Toka Dar alfajiri, kabla Kimara haijaamka. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, ambako wa Tanga na Arusha wanakata kulia; hapo hakuna cha kusimulia zaidi ya foleni ya malori. Kitu kimoja tu: mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na makazi ya barabara hii yanafuatana kama shanga. Wenzako watakuwashia taa kukuonya kwamba tochi ya trafiki iko mbele. Ni ukarimu wa barabarani, ila kibao kiliwekwa kwa ajili ya mtoto anayevuka na dumu la maji, na yeye hawashiwi taa na mtu.

Baada ya Morogoro milima ya Uluguru inabaki nyuma na barabara inaingia Hifadhi ya Mikumi, inaipasua kwa takribani kilomita 50. Mwendo ni 70 mchana na 50 usiku. Nyani hukaa pembeni kama mawakala wa mabasi, swala huvuka kwa kushtukiza, na tembo huvuka apendavyo. Anayemgonga mnyama hulipa kwa aina yake, na twiga mmoja anaweza kukugharimu kuliko Corolla yenyewe. Watoto wakiwa ndani ya gari, hapa ndipo safari inapolipa nauli yake: shusha mwendo, waache wahesabu pundamilia. Usisimame kuwapa nyani ndizi, hata watoto wakililia.

Ukishuka bonde la Ruaha Mbuyuni, mibuyu pande zote na vitunguu vimepangwa kandokando, joto huwa kali na injini inajua. Mimi husimama hapa bila kuangalia saa. Chai, choo, macho chini ya gari kuona kama kuna linalodondoka, kisha Kitonga.

Kitonga ni ukuta wa mlima ambao barabara inaukwea kwa kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori ya Zambia na Kongo hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukiona matawi ya mti yametupwa barabarani, hayakuangushwa na upepo: mbele kuna gari limekufa, na dereva wake ameweka onyo hilo kabla ya kona. Heshimu majani yale kuliko kibao cha serikali, kwa sababu yamewekwa na mtu aliyeko hapo sasa hivi.

Kuna lugha nyingine ya malori ambayo wageni huifurahia upesi mno. Dereva wa lori aliye mbele yako akiwasha indiketa ya kulia anakwambia usipite, kuna kinachokuja. Akiwasha ya kushoto anakuruhusu. Ni wema, na mara nyingi anaona usichokiona. Lakini indiketa ya kulia inaweza pia kumaanisha kwamba anakata kulia, na ya kushoto kwamba anaegesha. Ruhusa yake mimi huichukua kama ushauri wa jirani. Nikiwa sijaona lami tupu kwa macho yangu, nabaki nyuma yake nikivuta moshi wake.

Kupanda, gari dogo lizimwe kiyoyozi na lipewe gia ndogo mapema, lisisubiri kuhema. Wenye gia za kujiendesha wengi hawajawahi kugusa kitufe cha O/D wala zile namba zilizo chini ya D. Viliwekwa kwa ajili ya mahali kama hapa. Na vinafaa zaidi siku ya kurudi, maana hatari ya Kitonga kwa gari dogo iko kwenye kushuka. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Mtu anayeshuka mlima mzima akiwa kwenye D, mguu juu ya breki, huzichoma pedi taratibu. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka bila kubadilishwa huwa yamekwishanyonya unyevu wa hewani. Yakipata moto, unyevu ule huchemka na kuwa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inakwenda hadi sakafuni bila gari kusimama. Mafuta ya breki hubadilishwa kwa bei ndogo kuliko tairi moja, na wenye magari wengi niliowauliza hawajui kama yanabadilishwa. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, uiache injini ilizuie gari, na breki uzitumie kwa vipindi.

Ni juu ya Kitonga, Ilula, mwaka mmoja, ambapo mpira wa juu wa rejeta ulipata ufa na kuanza kutoa mvuke. Kijana mmoja alikuja kabla sijafungua boneti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Hii ni 110, sio?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi usiwe na wasiwasi. Lipoe kwanza."

Akaenda nyuma ya banda la nyanya, ambako mwili wa Corolla nyingine ulikuwa umekaa juu ya mawe, akarudi na mpira na klipu mbili. Tulipomaliza kuongeza maji, alilisikiliza gari kwanza, akainama kuangalia mkanda, akasema unafika Mbeya lakini ubadilishwe huko. Ulifika, ukabadilishwa. Hakuna cha ajabu katika kisa hiki, na ndiyo maana nakisimulia: kwa gari lisilojulikana, ufa ule ule ungekuwa siku mbili za gesti.

Iringa mji uko juu ya kilima, barabara kuu inapita chini yake. Hapa wengi hujiuliza kama waendelee. Mtu aliyetoka Dar saa kumi na moja alfajiri akiendesha peke yake anafika amechoka hata kama hajisikii, na jua likizama barabara inabadilika tabia. Malori huegeshwa bila taa, baiskeli hazina viakisi, taa kali za anayekuja hukupofusha sekunde mbili tatu, na kwa mwendo wa 80 sekunde moja ni mita 22. Mabasi ya abiria yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023 baada ya miaka mingi ya katazo, lakini yale yana ratiba na yanafuatiliwa mwendo. Wewe hudaiwi na mtu kufika leo. Lala Iringa au Mafinga.

Asubuhi ni baridi ya kweli. Misitu ya misonobari ya Sao Hill hapo Mafinga inakwenda hadi macho yanapoishia, kisha Makambako na upepo wake, kisha barabara inateremka kuelekea Igawa na mashamba ya mpunga ya Usangu. Chimala na Igurusi ni tambarare na dereva husinzia. Mlima wa Inyala humwamsha, na ajali zilizotokea pale ni sababu tosha ya kurudi kwenye gia ndogo hata kama Mbeya inanukia. Uyole ukifika, barabara ya Tukuyu na Kyela inakata kushoto, na mbele ni Mwanjelwa, ambako soko la spea ni kubwa na mkanda wa Corolla haukosekani.

Kwa anayetaka kuendelea, Tunduma ni kama kilomita 100 kutoka Mbeya, na ng'ambo ni Zambia, ambako nao huendesha kushoto. Bima yako ya Tanzania haivuki mpaka yenyewe. Utahitaji kadi ya njano ya COMESA. Ikate mapema kwa kampuni iliyokukatia bima, wala usingoje vijana wa Tunduma watakaokuzunguka dirishani, na uhakikishe namba ya chesisi iliyoandikwa humo ni ile iliyo kwenye kadi ya gari.